Frank Weston: Askofu wa Zanzibar aliyeigeuzia kibao serikali yake



Leo naomba tumzungumzie mtu aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Najua wengine mkiona neno historia mnafunga ukurasa na kuhamia kwenye matokeo ya Ligi Kuu, ila huyu mvumilieni kidogo. Kuna swali ambalo vijana tunaulizana kila siku vijiweni: hivi mimi mtu wa Chiwata, sina cheo, sina ndugu Dodoma, naweza kweli kubadilisha sheria au mpango wa serikali? Wengi tunajibu fasta kwamba haiwezekani. Sheria zinatungwa huko, sisi tunaletewa tu. Maisha ya huyu mzee yanatoa jibu tofauti, na wala hakuna miujiza ndani yake. Kuna karatasi, kuna hoja, na kuna mtu aliyekataa kunyamaza.

Jina lake Frank Weston. Alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1871, akasoma Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1893 akamaliza akiwa na daraja la kwanza katika elimu ya dini. Mtu wa namna hiyo wakati ule angeweza kukaa kwao, akapata parokia nzuri, akanywa chai yake hadi uzeeni. Yeye mwaka 1898 akapanda meli kuja Zanzibar kufanya kazi na UMCA, ile misheni ya Kianglikana ambayo wazee wetu wa Masasi wanaifahamu vizuri sana.

Kwa wale ambao hawajui, hii misheni ndiyo iliyowaleta Masasi watumwa walioachiwa huru mwaka 1876, chini ya Askofu Edward Steere. Baadaye ikawa na vituo sehemu nyingi za huku, na Chiwata ni mojawapo. Kwa hiyo tangu mwanzo, Ukristo wa Masasi ulikuja ukiwa umeshikana mkono na habari ya utumwa. Hilo likumbukeni, maana litarudi.

Weston alipofika Zanzibar alipewa kazi ya kufundisha, na kuanzia 1901 hadi 1908 akawa mkuu wa chuo cha Kiungani. Pale walikuwa wanasoma vijana kutoka Bonde, Masasi, na Nyasa. Akajifunza Kiswahili hadi akawa anahubiri na kuandika kwa lugha hiyo bila shida. Akapigania sana Waafrika wasomeshwe kuwa mapadri wenyewe, wasibaki kuwa wasaidizi wa Wazungu siku zote. Mwaka 1908, akiwa na miaka 37 hivi, akafanywa Askofu wa Zanzibar.

Hapo ndipo anapotuhusu moja kwa moja. Dayosisi ya Masasi ilikuwa bado haijazaliwa. Ilianzishwa mwaka 1926, na askofu wake wa kwanza akawa Vincent Lucas. Kabla ya hapo Masasi yote ilikuwa chini ya Askofu wa Zanzibar. Yaani Mkristo wa Kianglikana wa Chiwata mwaka 1910 ukimuuliza askofu wako nani, jibu lilikuwa Frank Weston. Na askofu mwenyewe alikuwa mtu wa miguu. Dayosisi yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, barabara hamna, magari hamna, akawa anatembea siku kwa siku kutoka kituo hadi kituo.

Tabia yake nyingine ilikuwa ubishi. Mwaka 1913 maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda walikaa kikao kule Kikuyu, Kenya, na wamisheni wa madhehebu mengine, wakapanga kushirikiana na hata kushiriki meza moja ya Bwana. Weston aliona wanavunja mafundisho ya kanisa, akawashitaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wanaeneza uzushi! Makanisa ya Uingereza yakatikisika. Sitaki tuingie kwenye ugomvi ule, nautaja kwa sababu moja tu. Huyu alikuwa mtu ambaye akiamini jambo, hajali anayepinga ni rafiki yake au mwenye cheo kuliko yeye.

Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914.

Kila mtu anajua Kariakoo. Wengi wenu mkienda Dar lazima mpite pale. Jina lile linatokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi pale wakati wa vita ile. Watu wakalitamka kwa Kiswahili likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, asili yake ni hiyo hiyo. Vita ya Afrika Mashariki haikuwa na malori ya kutosha wala reli kila mahali, na wanyama wa kubeba walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo risasi, mchele, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa na vichwa na mabega ya watu. Wengi wa wapagazi hao, upande wa Waingereza na upande wa Wajerumani, walichukuliwa kwa lazima. Makumi ya maelfu walikufa, na waliowaua zaidi ni njaa, kuhara, na malaria kuliko risasi.

Na vita yenyewe ilifika hadi mlangoni kwetu. Oktoba 1917 palipigwa vita kali Mahiwa, karibu na Nyangao. Mwezi uliofuata, jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa ameweka kambi yake Chiwata. Ndiyo, Chiwata hii hii. Waingereza wakaingia Chiwata katikati ya Novemba 1917. Yeye akarudi nyuma hadi Nambindinga, akaacha pale wagonjwa na majeruhi wengi, akapita Newala na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kwa watu wa uwanda wa Makonde, utawala wa Mjerumani uliishia hapo. Kilichobaki ni njaa, mashamba yaliyokwanguliwa, na wanaume ambao hawakurudi.

Weston hakuitazama vita hii kwa mbali. Mwaka 1916 aliunda kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, akapewa cheo cha Meja, akatembea nao. Kwa hiyo aliijua kazi ya upagazi ilivyo, mzigo una uzito gani na mtu anachokaje. Upande wa pili, Wajerumani waliwakamata wamisheni wa UMCA waliokuwa bara, na waliwafunga pia mapadri na walimu wa Kiafrika. Habari za mateso yao zilimfikia.

Mwaka 1918 akaandika kijitabu, barua ya wazi kwa Jenerali Smuts wa Afrika Kusini. Jina lake The Black Slaves of Prussia, yaani watumwa weusi wa Prussia. Ndani yake alieleza ukatili wa Wajerumani kwa Waafrika, viboko, kazi za kulazimishwa, na namna vita ya Maji Maji ilivyozimwa. Hoja yake ilikuwa kwamba Mjerumani asirudishiwe makoloni yake hata kidogo, kwa sababu anawafanya watu watumwa. Serikali ya Uingereza ilifurahi sana. Kijitabu kama kile, wakati wanajiandaa kugawana mali ya aliyeshindwa, kilikuwa zawadi. Kama Weston angeishia hapo, leo tungemhesabu kama mpiga debe mwingine wa wakoloni.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Tarehe 23 Oktoba 1919 serikali ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, ambayo mwaka uliofuata iliitwa Koloni la Kenya, ilitoa waraka kuhusu nguvu kazi. Gavana alikuwa Edward Northey. Walowezi wa Kizungu walikuwa wamepewa mashamba makubwa, tena wengine wakaongezeka baada ya vita, ila hawakupata watu wa kuwalimia kwa mshahara mdogo waliokuwa wanautoa. Waraka ukawaagiza maofisa wa wilaya na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi kwenye mashamba hayo. Pale ambapo shamba liko karibu na kijiji, wanawake na watoto nao wahimizwe. Na chifu ambaye hahimizi vizuri, jina lake liandikwe na lipelekwe juu.

Someni tena hapo. Neno lazima halimo. Neno lililomo ni kuhimiza. Lakini jamani, sisi Wabongo tunaijua hiyo. Ndiyo ile michango ya hiari ya lazima. Ofisa anamhimiza chifu, chifu anajua asipoleta watu atapoteza kiti, kwa hiyo anatuma vijana wake wakahimize kwa fimbo. Mwananchi anaondoka kwake shamba lake likiwa linahitaji palizi, anakwenda kupalilia la bwana mkubwa. Karatasi ya serikali inabaki safi kabisa. Ukiuliza, utaambiwa hakuna aliyelazimishwa.

Mwaka 1920 ikaongezwa sheria. Serikali yenyewe ilipewa uwezo wa kumchukua mtu kwa kazi za umma hadi siku 60 kwa mwaka, kwa malipo. Lakini aliyekuwa ameajiriwa miezi mitatu katika mwaka huo aliachwa. Mnaona mchezo? Ukitaka kukwepa kazi ya serikali, nenda shambani kwa mlowezi. Sheria haikusema hivyo waziwazi, ila ndivyo ilivyomsukuma mtu.

Maaskofu wawili, wa Mombasa na wa Uganda, pamoja na kiongozi wa misheni ya Waskoti, hawakuupenda ule waraka. Waliandika tamko lao. Walieleza vizuri namna kuhimiza kunavyogeuka kulazimisha. Lakini dawa waliyopendekeza ilikuwa ya ajabu kidogo: kama kulazimisha ni lazima, basi kuwekwe kwenye sheria, kuwe na muda maalumu na usimamizi. Yaani ubaya uwe na utaratibu. Msiwacheke haraka, hata leo kuna watu wazuri tu wanaofanya hivyo. Wanaiona sheria mbaya, wanasema hatuwezi kuizuia, basi tuombe ipunguzwe makali.

Weston akakataa. Kwanza Kenya haikuwa dayosisi yake. Angeweza kusema yale ni ya kwao, mimi nina Zanzibar, Bonde na Masasi. Lakini Tanganyika ndiyo kwanza ilikuwa inaingia mikononi mwa Mwingereza huyo huyo, na ilikuwa rahisi kuona kwamba kinachozoeleka Nairobi kesho kinaweza kushuka hadi Lindi. Pili, alikuwa ameshaandika kwamba Mjerumani hafai kutawala kwa sababu analazimisha watu kazi. Sasa Mwingereza analazimisha watu kazi. Kipimo ni kilekile au kinabadilika kulingana na bendera?

Mwaka 1920 akatoa kijitabu kingine, The Serfs of Great Britain. Kwa Kiswahili chetu tuseme watwana wa Uingereza. Jina tu lilikuwa kofi. Miaka miwili kabla aliandika watumwa wa Prussia, watu wake wakashangilia. Sasa akawageuzia kibao chenyewe. Alisema kumlazimisha mtu amfanyie kazi mtu binafsi kwa faida ya huyo mtu ni aina ya utumwa, hata ukiuwekea utaratibu mzuri kiasi gani, na kwamba nchi iliyojisifu kwa kuukomesha utumwa haiwezi kuuingiza tena kwa mlango wa uani.

Naomba tuangalie vizuri alivyofanya, kwa sababu hapa ndipo penye somo.

Jambo la kwanza, hakulalamika kwa ujumla kwamba serikali ni mbaya. Alishika waraka mmoja, wenye tarehe, wenye maneno, akaonyesha kila agizo likishuka kijijini linakuwa nini. Serikali haiwezi kuukana waraka wake wenyewe.

Jambo la pili, alichagua wa kumwambia. Gavana Northey asingesikia, maana waliomzunguka walikuwa ni walowezi wenyewe. Bosi wa Northey alikuwa Waziri wa Makoloni, London. Bosi wa waziri ni Bunge. Na bosi wa Bunge ni wapiga kura wa Uingereza, waumini waliokaa kwenye mabenchi ya makanisa kule na kudhani nchi yao ni mkombozi wa watumwa. Weston akawaandikia hao.

Jambo la tatu, aliujua wakati. Julai na Agosti 1920 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana London kwenye mkutano wa Lambeth. Yeye alikuwepo, na magazeti yalikuwepo. Huo ndio wakati wa kusema jambo lako, siyo miezi sita baadaye.

Jambo la nne, hakuwa peke yake. Hapa tusimfanye kuwa shujaa wa sinema. Kulikuwa na katibu wa wamisheni aliyeitwa J. H. Oldham, mtu wa ofisini, mpole, anayejua milango yote ya wakubwa. Weston alipiga kelele, Oldham akakusanya sahihi. Desemba 1920 wajumbe wakapeleka kwa Waziri wa Makoloni, Lord Milner, hati iliyoungwa mkono na watu wazito, akiwemo Askofu Mkuu wa Canterbury. Kulikuwa pia na daktari Norman Leys, aliyewahi kufanya kazi Kenya, ambaye tangu 1918 alikuwa anamwaga habari za mateso ya wananchi huko. Mmoja anajua ukweli wa kijijini, mmoja anajua kuandika kwa moto, mmoja anajua milango. Ukitoa mmoja hapo, kazi inalegea.

Milner aliondoka, na mwaka 1921 akaja waziri mpya, Winston Churchill. Huyo huyo mnayemjua wa vita ya pili. Septemba 1921 Churchill akatoa maagizo kwa Kenya: maofisa wa serikali wasijihusishe tena na kuwatafutia watu binafsi wafanyakazi. Na kazi ya kulazimishwa kwa ajili ya serikali ibaki kwa shughuli maalumu tu, tena mara nyingi kwa ruhusa ya London kwanza. Waraka wa Northey ukawa umekufa. Mwaka 1922 Northey mwenyewe akaitwa kurudi kwao.

Mambo hayakuishia hapo. Mkataba wa udhamini wa Tanganyika wa mwaka 1922 ulikataza kazi ya kulazimishwa isipokuwa kwa kazi muhimu za umma, na kwa malipo. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wake dhidi ya kazi ya shuruti. Leo hii, Ibara ya 25 ya Katiba yetu inasema hakutakuwa na kazi ya shuruti katika Jamhuri ya Muungano. Sisemi yote hayo yalitokana na Weston, hapana. Ila ukiufuata mto kurudi juu, kimojawapo cha vijito vyake ni kile kijitabu cha 1920.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana bila huo tutakuwa tunajidanganya.

Maagizo ya Churchill hayakuondoa kodi kubwa ya kibanda. Hayakuondoa kipande ambacho mwanaume wa Kenya alilazimika kukivaa kama mbuzi mwenye alama. Na kwa vitendo, chifu aliyezoea fimbo hakuiacha siku moja. Mwaka huo huo wa 1921, pale Nairobi, kijana aliyeitwa Harry Thuku, mwajiriwa wa serikali aliyekuwa anapokea simu ofisini, alianzisha na wenzake chama kilichokuja kuitwa East African Association. Walifanya karibu yale yale aliyofanya Weston: waliandika madai yao wazi, kodi, kipande, kazi za kulazimisha hasa za wasichana na wanawake, kukatwa mishahara, wakapeleka simu ya maandishi moja kwa moja London.

Matokeo? Weston alirudi Zanzibar kwa heshima. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Tarehe 16 watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiwe, mwanamke mmoja aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru akawa mbele kuwachochea wanaume waliokuwa wanasitasita, na risasi zikapigwa. Serikali ilihesabu waliokufa 21, Mary akiwa mmoja wao. Wengine walisema ni zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu na sehemu nyingine za mbali, hakuachiwa hadi mwisho wa 1930.

Tofauti ya wale wawili haikuwa akili, wala ujasiri. Hoja zilikuwa za jamii moja. Tofauti ilikuwa kwamba Weston alikuwa raia. Nchini kwake kulikuwa na Bunge ambalo lilimwogopa mpiga kura. Thuku na wenzake walikuwa wanalipa kodi kama raia na kutawaliwa kama mifugo. Wote wawili waliandika London, na mmoja ndiye aliyesomwa.

Na Weston mwenyewe alikuwa na mipaka. Hakudai uhuru wa Waafrika. Aliamini Wazungu wana wajibu wa kuwalea Waafrika, mawazo ya wakati wake. Kile kijitabu cha 1918 kilisaidia Uingereza kujitwalia Tanganyika huku ikijiona safi. Na kikosi cha wapagazi alichokiongoza kilikuwa sehemu ya mashine ile ile iliyomaliza watu. Yote hayo ni kweli. Lakini vilevile ni kweli kwamba alipoona nchi yake inafanya kile alichowalaani maadui zake kwa kukifanya, hakutafuta maneno laini. Watu wa namna hiyo ni wachache, hata leo, hata hapa kwetu. Wengi tunapinga ubaya ukifanywa na chama cha wenzetu tu.

Mwaka 1923 alikwenda tena London kuongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana wa mrengo wake, watu wanaopenda ibada ndefu na ubani. Akawaambia wazi kwamba ibada zao hazina maana kama wakitoka kanisani wanawapita maskini mitaani bila kuwaona. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Novemba 1924, akafariki Hegongo, kule Magila, Muheza. Alipata jipu lililoingiza sumu kwenye damu. Dawa za kuua vijidudu tulizozizoea leo zilikuwa bado hazijapatikana. Alikuwa na miaka 53. Miaka miwili baadaye Masasi ikapata askofu wake.

Haya, turudi kwa kijana wa Chiwata wa leo, uliyeko hapo kafe unahesabu dakika zako.

Wewe una kile ambacho Harry Thuku hakuwa nacho. Una kura. Una Katiba inayokupa uhuru wa maoni katika Ibara ya 18 na haki ya kushiriki shughuli za utawala katika Ibara ya 21. Tatizo ni kwamba hatuvitumii, au tunavitumia kwa kuchelewa. Mfano tunaoufahamu wote huku kusini ni korosho. Juni 2018 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyofanya ushuru wote wa korosho ghafi zinazouzwa nje uende Mfuko Mkuu wa Hazina, wakati awali asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe. Wabunge wa kusini walipiga kelele sana, ikapita hivyo hivyo. Kelele za bungeni bila barua za wakulima, bila takwimu za vyama vya msingi, bila mashekhe na maaskofu kusema, ni kelele za siku moja. Bajeti inakuja kila mwaka mwezi ule ule, haitushtukizi. Aliyeujua mwezi wa Lambeth alijiandaa kabla.

Muswada wa sheria haushuki kutoka mbinguni. Unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unapelekwa kwenye kamati ya Bunge, na kamati hukaribisha maoni ya wadau. Mdau ni pamoja na wewe. Barua ya ukurasa mmoja inayosema kifungu namba fulani kitamwumiza mkulima wa korosho kwa njia hii na hii, na kirekebishwe kisomeke hivi, ina uzito kuliko maandamano ya matusi. Ipo pia Tume ya Kurekebisha Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ambayo kazi yake ni kuzipitia sheria zilizochakaa na kupendekeza zibadilishwe. Na tangu 2016 ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, kwa hiyo ukitaka waraka unaowahusu, unaweza kuuomba kwa maandishi. Weston bila waraka mkononi asingekuwa na kitu.

Mahakama nayo ni mlango. Rebeca Gyumi, dada wa Kitanzania, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuozwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe, mwaka ukapita bila Bunge kubadili sheria. Kwa hiyo kushinda kesi ni nusu ya safari, nusu nyingine ni kufuatilia.

Na kama Dodoma unaona ni mbali, anzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Sheria ndogo za kijiji zinatakiwa kupita pale kabla ya kwenda halmashauri ya wilaya. Ardhi ya kijiji, chini ya sheria ya mwaka 1999, haigawiwi bila mkutano ule. Sasa siku ya mkutano wanaenda wazee kumi na mgambo wawili, vijana wote tuko kijiweni. Kesho yake tunashangaa msitu umeuzwa na faini mpya imewekwa.

Chiwata iliwahi kupitiwa na vita ya wakubwa wawili, na hakuna aliyewauliza wakazi wake wanataka nini. Watu wao walibebeshwa mizigo ambayo hawakuijua ni ya nani. Siku hizi tunaulizwa, hata kama ni kwa sauti ndogo na tangazo limebandikwa mahali pabaya. Ukikaa kimya wakati unaulizwa, usishangae ukihimizwa baadaye.

Maoni yenu hapo chini wadau, hasa wa Chiwata: mkutano mkuu wa kijiji chenu umekaa lini mara ya mwisho, na vijana mlikuwa wangapi?